Maji ya Kumwoshea Efraimu

Efraimu Mlowe alikata roho siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mwezi wa sita, baridi ikiwa imekaza. Kabla hata mtu hajaenda kupima kaburi, dada yake Hulda alikwisha kulitoa neno lililomkaa rohoni miaka tisa.

"Kaka yangu hakufa kwa kichomi. Kaka yangu ameuawa na madebe ya maji."

Wanawake waliojaa chumbani wakainamisha vichwa. Wengine walijifanya hawakusikia, wakawa wanapangusa machozi yaliyokwisha kukauka zamani. Fidelia, mjane, alikuwa ameketi mkekani kando ya kitanda, mkono wake ungali juu ya mguu wa mumewe, juu ya blanketi. Alisikia vizuri sana.

Tuseme ukweli, Hulda hakuwa peke yake. Kijiji kizima, tangu kule juu barabarani yanakopita malori ya Makambako kwenda Njombe mpaka huku chini mtoni, kilisema hivyo hivyo, isipokuwa chenyewe kilisema kwa kicheko. Efraimu alirudi kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga mwaka wa arobaini na saba, baada ya kufanya kazi kiwandani miaka kumi na minane. Hata wiki mbili hazijatimia, watu wakamwona anashuka mtoni na madebe mawili yamening'inia kwenye mti begani, mzega, kama wanavyobeba wale wanaume wa pwani wanaouza maji. Mwanamume mzima! Ana mke, ana binti Beatrisi, naye anachota maji! Watoto walimfuata nyuma wakipiga vigelegele. Wazee walitoka nje kumtazama. Yeye akawasalimu kwa furaha, "Kamwene! Kamwene!" akapita zake, na maji yasimwagike hata tone.

Walidhani ni ugeni wa Tanga tu, utamtoka. Haukumtoka. Asubuhi safari mbili, jioni safari moja, mvua na jua, miaka tisa. Tena alipasua kuni na kuzibeba. Tena alifua kanga za mkewe akazianika uani bila haya, upande wa njia, kila mpita njia azione. Aliyemwuliza alipewa jibu moja: "Mimi nimezoea mashine, ndugu yangu. Nikikaa bure mwili unaniuma."

Kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi, ndiko walikomfanya mchezo hasa. Akitokea mlangoni tu, mtu anapaza sauti, "Hebu mpisheni Mama Beatrisi akae!" Naye anacheka pamoja nao, anakaa, anakunywa kikombe chake. Jua likianza kushuka anainuka kwenda kuwasha moto.

"Nenda, nenda upesi, utapigwa!"

"Nitapigwa kweli," Efraimu alijibu, "na yule mama anapiga vizuri."

Watu walikuwa wakicheka mpaka wanamwaga ulanzi. Lakini kicheko nacho kinachoka, na kilipochoka wakaanza kutafuta sababu. Sababu haikuwa mbali. Fidelia hakuwa Mbena kama wao. Alikuwa Mpangwa, mtu wa Mlangali, kule bondeni. Basi ikasemwa kwamba alimlisha mumewe dawa, kwamba akili za Efraimu zilifungwa kwenye chungu, na kwamba mwanamume mwenye akili zake hawezi kufua kanga. Gideoni, mdogo wake Efraimu, alikuwa tarishi wa boma Njombe, mtu wa kaki iliyopigwa pasi na vifungo vya shaba, na matarishi wenzake walimwamkia kila Jumatatu kwa swali lile lile: "Kaka yako wiki iliyopita kachota madebe mangapi?" Gideoni aliacha kumtembelea kaka yake. Walipokutana kanisani alimpa mkono bila kumtazama usoni.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa amelala pale kitandani, na hao ndio waliokuja kumlilia.

*

Beatrisi, binti yao wa pekee, alifika saa nane mchana juu ya lori la viazi lililotoka Makambako, ambako mumewe alitengeneza baiskeli pale njia panda. Alikuwa amejifunga koti la mumewe, na vumbi la njiani lilikuwa limegandamana na machozi usoni. Hakumsalimu mtu. Alipita moja kwa moja mpaka kwa baba yake, akamfunua uso, akamfunika tena, kisha akamshika mama yake mkono akampeleka jikoni.

"Alisema nini, Mama?"

"Alikuuliza. Nikamwambia uko njiani, umefika karibu. Na lori la kukuita lilikuwa hata halijaondoka." Fidelia alijaribu kutabasamu. "Alifurahi. Akasema, basi nitamngoja. Lakini hakuweza."

Walikumbatiana wakalia. Moshi wa kuni mbichi ulikuwa umejaa jikoni, na mara kifua cha Fidelia kikaanza. Aliishika ncha ya kanga akaishindilia mdomoni, akajikunja, mabega yakawa yanatikisika bila sauti, mishipa ya shingo imesimama, macho yanatoka maji. Beatrisi alikimbilia mlangoni akasimama hapo, akiangalia kama kuna mtu anayekuja. Hakuna aliyekuja. Baada ya muda mama yake akainua kichwa, akavuta pumzi taratibu.

Hapa lazima tuseme lililofichwa. Huko Tanga, Efraimu alikuwa mtu wa korona, ile mashine kubwa inayochuna majani ya mkonge, na mkewe alifanya kazi chumba cha brashi, ambako nyuzi kavu husuguliwa zing'ae. Wakati wa vita mkonge ulitakiwa sana na watu walikuwa wachache. Fidelia alisimama ndani ya vumbi lile tangu asubuhi mpaka jioni, vumbi jeupe, jepesi, linaloingia puani hata ukijifunga kitambaa. Mwaka wa arobaini na tatu akaanza kukohoa. Mwaka wa arobaini na sita akawa hawezi kupanda hata kilima kidogo bila kusimama. Daktari wa hospitali ya shamba alipima makohozi yake mara tatu. Akasema si kifua kikuu, ni vumbi, halimwambukizi mtu yeyote, ila halitoki tena. Akasema mama huyu asibebe mizigo na asirudi brashi.

Mwaka ule ule Efraimu alikuwa ametajiwa unyapara. Msimamizi alimwita ofisini akamwambia afikiri vizuri, watu wanaulilia unyapara. Efraimu alishukuru, akarudisha kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, akamleta mkewe kwenye hewa safi ya kwao.

Sasa, wiki ile waliyofika, walimkuta kijijini mtu mmoja aitwaye Kefa, aliyerudi kutoka migodini na kifua. Kefa alikuwa na kikombe chake na sahani yake, na vyote vilitundikwa mtini nje, visiguse vya wengine. Hata mkewe alimwekea chakula chini na kukisogeza kwa fimbo. Efraimu alikwenda kumjulia hali, akakuta Kefa anakula nyuma ya nyumba kwenye baridi, amegeukia ukutani. Alirudi nyumbani hana rangi.

"Hawa hawatauliza kama ni vumbi," alimwambia mkewe. "Watasikia kikohozi, basi. Fidelia, wewe hutakula nje. Nikiwa hai, hutakula nje."

Kesho yake akakata mti wa mzega.

Basi kazi zote nzito alizichukua yeye, na kicheko akakichukua pia. Mgeni akija, kifua cha mkewe kikianza kumtekenya, Efraimu alikuwa na dawa yake: aliimba. Sauti yake ilikuwa mbaya, Mungu amrehemu. Aliimba tenzi kwa nguvu zake zote mpaka mgeni anaziba masikio, na Fidelia anapata nafasi ya kwenda jikoni kukohoa. Mgeni akiondoka, mume na mke walishikana mikono wakacheka hadi kuishiwa nguvu.

Hivyo ndivyo walivyoishi, na katika watu wote wa kijiji ni Beatrisi peke yake aliyejua.

*

Saa kumi alasiri ukoo ulikaa sebuleni. Alikuwapo Gideoni, ndani ya kaki yake, amesafiri kutoka Njombe kwa ruhusa ya siku mbili. Alikuwapo Nahumu, mzee wa kanisa, aliyekuja kupanga ibada. Bibi Ema, mama mzazi wa marehemu, alikaa pembeni kwenye kigoda, amejitanda shuka jeusi, haongei. Lakini kikao kilikuwa cha Hulda.

"Maji," alisema Hulda.

Kila mmoja alijua ni maji gani. Katika ukoo wa Mlowe, maji ya kumwoshea mume huchotwa na mkewe mwenyewe, asubuhi ya maziko, mtungi mmoja, kichwani, na hayatuliwi njiani. Ni heshima ya mwisho. Kwa kawaida mtu hakulitazama sana jambo hili. Mjane akilegea, jirani alimshika mtungi upande mmoja na wote wakageuza macho. Wajane wengi walipitia hapo na hakuna aliyewahi kuulizwa.

"Kesho wifi atayaleta peke yake," Hulda aliendelea. "Asishikiwe, asisaidiwe. Miaka tisa kaka yangu amemchotea. Yeye amchotee mara moja tu. Jamani, nimeomba kitu kikubwa?"

Nahumu alizungusha kofia yake mapajani. "Kanisa halikatazi maji, dada yangu. Lakini huyu ni mfiwa, na huzuni..."

"Mzee Nahumu, mimi pia ni mfiwa."

"Ni kweli."

"Na akitua?" aliuliza Gideoni kwa sauti ya chini.

"Akitua tutajua alikuwa nani. Mwanamke asiyeweza kumpandishia mumewe mtungi mmoja wa mwisho, huyo hakuwa mke, alikuwa bwana na kaka yetu alikuwa mtumwa wake. Asitupe udongo kaburini. Afungashe vyake arudi kwao Mlangali, yeye na hizo dawa zake."

Beatrisi aliinuka. "Shangazi, nitachota mimi."

"Kaa chini, mwanangu. Wewe ni damu yetu. Wewe hatukuulizi kitu."

Gideoni aliitazama sakafu. Alitaka kusema kwamba hili si sawa. Lakini alikumbuka zile Jumatatu zote za boma, na mdomo haukufunguka. Macho yote yakamgeukia Fidelia. Alikuwa amekaa wima, kanga imefungwa kichwani vizuri, mikono magotini. Aliogopa akifungua mdomo kifua kitaamka.

"Nitachota," alisema.

Walipobaki wawili, Beatrisi alimshika mabega. "Mama, waambie! Waambie sasa hivi, humu ndani, kabla watu hawajaondoka. Kilima kile hukiwezi na unajua hukiwezi."

"Baba yako amebeba miaka tisa ili nisiseme. Niitoboe siri yake leo, hajaingia hata kaburini?"

"Basi watakufukuza."

"Nikisema, watanitundikia sahani mtini. Nisiposema, watanipeleka Mlangali, na huko sina mtu aliye hai." Fidelia aliitoa mikono ya binti yake mabegani, akaishika. "Acha nijaribu, mwanangu. Labda Mungu atanipa pumzi ya siku moja."

*

Umande ulikuwa umeganda juu ya majani asubuhi ile, weupe mtupu mpaka mtoni. Fidelia alishuka mbele na mtungi, wanawake wapatao ishirini wakimfuata nyuma kimya, Hulda akiwa wa kwanza wao. Kushuka hakukumpa taabu. Alijitwisha mtungi kwenye ngata ya majani, akausawazisha, akageuka kukitazama kilima.

Aliipita migomba ya kwanza. Alilipita jiwe wanalosugulia nguo. Alikuwa anahesabu hatua, kwa sababu mumewe alimwambia zamani kwamba kwenye korona wao walihesabu majani ili wasisikie uchovu. Ishirini. Arobaini. Hewa baridi ilimkata kifuani kama vile anakunywa maji ya barafu. Hatua ya sitini masikio yakaanza kuvuma. Beatrisi alikuwa ubavuni, mikono ameifunga kifuani kwa nguvu ili isije ikanyooka yenyewe kuupokea mtungi.

"Mama," alinong'ona.

Fidelia aliendelea kupanda. Alikuwa anamwaza Efraimu. Alikuwa anawaza kwamba alipanda hapa na madebe mawili, si mara elfu, ni zaidi, siku alizokuwa na homa, siku alizoumwa mgongo, na kila alipofika juu aliyatua madebe mlangoni akasema, "Mama Beatrisi, maji yako hayo," kama vile ametoka kutembea tu. Nyuma yake akasikia mwanamke mmoja anamwambia mwenzake, si kwa sauti kubwa, "Tazama anavyotetemeka. Dawa yake mwenyewe inamrudia." Na mwenzake akajibu, "Maskini Efraimu. Alizikwa akili siku nyingi, leo ni mwili tu."

Fidelia alisimama.

Sikieni vizuri: hakuanguka. Labda angeweza kwenda hatua kumi nyingine, labda ishirini. Alisimama mwenyewe, akapiga goti, akaushusha mtungi kwa mikono miwili, akautua kando ya njia. Kisha kikohozi kikaja, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kijiji hicho hakukizuia. Alikohoa akiwa ameshika magoti, kikohozi kirefu, kikavu, cha kukwaruza, kilichosikika mpaka juu kwa wanaume waliokuwa wakichimba kaburi. Wanawake waliganda. Kilipopungua alijipangusa mdomo, akamtazama Hulda.

"Nimetua," alisema. "Wifi, nisikilize, maana sina pumzi ya kusema mara mbili. Mimi nina kifua. Kimenianza kiwandani, chumba cha brashi. Daktari alinipima akasema ni vumbi, halimwambukizi mtu. Karatasi sina. Msiponiamini sitawalaumu. Siwezi kupandisha maji. Siwezi kubeba kuni. Baba Beatrisi alijua, akafanya yeye, ili nyinyi msijue."

Alivuta pumzi.

"Mlikuwa mnamcheka. Alikuwa anarudi nyumbani ananisimulia mlivyomcheka, hata sauti zenu anaziigiza, mpaka na mimi nacheka. Siku nyingine nalia. Ananiambia acha, kicheko hakitoboi ngozi. Sasa nitengeni mimi. Nipeni sahani yangu, nitakula nje. Lakini msimzike mume wangu kama mtu aliyelishwa dawa. Hakulishwa kitu. Alikuwa na akili zake zote, na kwa akili hizo hizo alinipenda."

Mwanamke mmoja alirudi nyuma hatua mbili, akajiziba pua kwa kanga. Mwingine akafanya vile vile, kisha wengine. Haukuwa ubaya, waliogopa tu. Hulda hakurudi nyuma, wala hakusogea mbele. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Miaka tisa?" aliuliza.

"Miaka tisa, wifi."

"Siku ile ya ubarikio wa mwanangu... mimi nilimwambia mbele ya wageni..." Hulda hakumaliza. Aliketi palepale kwenye majani yaliyoganda, akajifunika uso kwa viganja, na mara hii machozi yake hayakuwa ya kuonyesha watu.

Beatrisi aliuchukua mtungi, akaumwaga, akarudi mtoni kuchota upya. Hakuna aliyemkataza.

*

Walimzika saa saba. Habari ilikwisha kumfikia kila mtu, tangu waliochimba mpaka waliokuwa barabarani. Nahumu alisimama na karatasi ya historia ya marehemu, akasoma: alizaliwa lini, alibatizwa lini, alifunga ndoa lini. Akasoma kwamba marehemu alifanya kazi kiwandani miaka kumi na minane. Hapo karatasi yake ilikuwa imekwisha. Aliikunja, akaitia mfukoni.

"Kazi yake nyingine," alisema Nahumu, "sikuiandika, kwa sababu sikuijua. Nilikuwa nampita njiani amebeba mzega wake, nami mzee wa kanisa, nacheka. Mungu anisamehe. Mama Fidelia, njoo utupe udongo."

Watu wakampisha. Wakampisha sana, njia pana kuliko anavyohitaji mtu mmoja, na Fidelia aliona wanavyovuta watoto wao. Alipita katikati, akachukua udongo, akautupa. Gideoni aliyekuwa ameshika jembe alimtazama shemeji yake, akaanza kulia kwa sauti mbele ya watu wote, yeye na vifungo vyake vya shaba, hajali.

Baada ya maziko chakula kilitolewa uani. Wanawake walikaa makundi makundi mikekani, kila kundi na ungo wake wa ugali na bakuli la maharage katikati, kama ilivyo siku zote. Fidelia alikaa kwenye mkeka wa wafiwa. Beatrisi alikuwa ameitwa ndani kugawa mboga. Mkeka ule ulikuwa wa watu wanane, lakini watu walifika, wakasalimu, wakakumbuka jambo, wakaenda kukaa mikeka mingine. Huko walibanana magoti kwa magoti. Hapa alikaa peke yake.

Kisha akaja mke kijana wa jirani, amebeba sahani ya bati. Juu yake ugali kidogo, maharage yamemwagwa pembeni. Aliiweka chini, mbali kidogo, akaisukuma kwa ncha za vidole. "Samahani, mama," alisema, akaondoka haraka.

Fidelia aliitazama sahani ile. Kwa miaka tisa mtu mmoja alisimama katikati yake na sahani hii, na sasa mtu huyo yuko chini ya udongo, na udongo haujakauka. Hakulia. Alinawa mikono yake, akasema sala fupi, akaivuta sahani karibu, akamega ukingoni.

Bibi Ema alikuwa amekaa mlangoni tangu watoke makaburini. Aliinuka. Kwa umri wake kuinuka ni kazi ya peke yake, akashika nguzo, akashika fimbo, akaanza kuvuka ua. Watu walidhani anakwenda chooni. Alipofika kwenye mkeka wa wafiwa alisimama, akaitupa fimbo, akajishusha polepole mpaka akakaa, goti lake likigusa goti la mkwewe.

"Ni nani aliyekuwekea chakula cha kuku?" aliuliza.

"Mama, usikae hapa. Tafadhali. Kuna nafasi kule."

"Usiniamrishe. Mwanangu nilimzaa mimi." Bibi Ema alinyoosha mikono anawishwe, na kwa vile hakuna aliyekuja, Fidelia mwenyewe akamnawisha. "Alikuwa anapita pale kwangu na maji yake, ananiamkia, Kamwene, Mama. Mimi naangalia pembeni. Naona haya kwamba nimezaa mtu wa namna hii. Alikuwa ananiamkia kila siku, Fidelia, na hakuna siku aliyoniuliza mbona huitikii."

Hata wanaume upande wa pili wa ua waligeuka.

Bibi Ema alimega ugali kutoka kwenye sahani ya bati, upande ule ule aliokwisha kumega Fidelia, akachovya maharage, akala. Alitafuna taratibu, kwa meno yake machache, akimtazama mkwewe. Akamega tonge la pili, akamwekea Fidelia mkononi.

"Kula, mwanangu. Hujala tangu juzi."

Fidelia alilipeleka mdomoni, na machozi yaliyokataa tangu asubuhi yakaja yote kwa pamoja, na pamoja nayo kifua. Alikohoa. Akataka kugeuka upande, mkono ukakimbilia kanga, lakini bibi alimshika kiganja akakizuia. Watu wote wakatazama. Kikohozi kilichukua muda. Bibi Ema hakusogeza hata goti, aliketi vile vile, tonge la tatu likiwa mkononi, akasubiri mpaka kikaisha, kisha wakaendelea kula.